Herufi Tatu Juu ya Ramani

Kwenye ramani ya tabianchi za dunia, ile inayotundikwa ukutani katika madarasa ya jiografia, Dar es Salaam imeandikiwa Aw, Dodoma BSh, London Cfb, na Verkhoyansk kule Siberia Dfd. Anayepita haraka huona herufi kavu. Mimi nazitazama kama kazi ya mikono, na kwa sababu hiyo nimezipenda. Kila herufi imepitia hatua nyingi katika mikono ya watu wengi, na hakuna hata hatua moja inayokubali kuharakishwa. Hatua ya kwanza hufanyika kiwanjani, penye majani mafupi yaliyozungushiwa uzio wa waya.

Katikati ya kiwanja hicho husimama kisanduku cheupe cha mbao juu ya miguu minne. Kuta zake ni vibao vilivyoinamishwa na kupangwa juujuu, hewa ipite lakini jua lisiingie. Huitwa kisanduku cha Stevenson, kwa jina la Thomas Stevenson, mhandisi wa Scotland aliyejenga minara ya taa za baharini na aliyekuwa baba wa mwandishi Robert Louis Stevenson. Vipimajoto hukaa humo ndani, mita moja na robo hadi mita mbili kutoka chini, kwa kuwa ardhi iliyopigwa na jua huwaka kuliko hewa iliyo juu yake, na kinachotafutwa ni joto la hewa. Mlango hutazama upande ambao jua halitapenya wakati wa kusoma. Huku kwetu karibu na Ikweta jua huwa kaskazini miezi mingine na kusini miezi mingine, kwa hiyo visanduku vya ukanda huu hufaa vitiwe milango miwili, ufunguliwe ule ulio kivulini.

Saa tatu kamili asubuhi mpimaji huingia kiwanjani. Saa hiyo haikuchaguliwa kwa kupenda: ni 06:00 kwa saa za dunia, wakati vituo vya nchi nyingi vinaposoma kwa pamoja. Mpimaji mzoefu utamjua kwa namna anavyofungua mlango. Haegemei kisanduku wala hapumui juu ya kioo. Hulileta jicho lake sawasawa na ncha ya uzi wa zebaki, maana jicho likiwa juu kidogo au chini kidogo tarakimu hubadilika. Kisha hufanya jambo ambalo nilipoliona kwa mara ya kwanza lilinishangaza: husoma sehemu za kumi kwanza, nyuzi nzima baadaye. Joto la mwili wake limekwisha kuanza kukisogeza kipimajoto tangu mlango ulipofunguka, na sehemu za kumi ndizo zinazowahi kuharibika. Nyuzi nzima zinaweza kusubiri sekunde mbili.

Vipimajoto vyenyewe vina ustadi wao. Cha joto la juu kina shingo nyembamba mno karibu na balbu. Joto likipanda, zebaki husukumwa ikapita. Hewa ikipoa, uzi hukatika pale shingoni na kubaki ulipofika mchana, ukimsubiri mpimaji. Cha joto la chini kina spiriti, na ndani ya spiriti kuna kijiti chembamba kinachokokotwa na uso wake unaposhuka usiku, kikaachwa palepale asubuhi unapopanda. Mpimaji akishasoma hukikung'uta cha kwanza mpaka zebaki irudi, na kukiinamisha cha pili mpaka kijiti kiteleze kifikie uso wa spiriti. Akisahau, kosa halitaonekana leo. Litaonekana kesho, katika tarakimu inayoonekana kuwa ya kawaida kabisa. Ndiyo maana baada ya kuviweka upya huvisoma tena.

Hatua chache kutoka hapo kuna kipimamvua: mtungi wa bati wenye faneli mdomoni na chupa ndani. Huwekwa mbali na miti na paa, umbali usiopungua mara mbili ya kimo cha kitu kilicho jirani, ili tone lisizuiwe na tawi wala lisiongezwe na mchirizi. Maji humiminwa katika kioo chembamba chenye mistari. Uso wa maji ndani ya kioo hujipinda, ukapanda kidogo pembeni, na mpimaji husoma chini kabisa ya mpindo huo. Milimita moja ni lita moja ya maji juu ya kila mita ya mraba. Ikiwa mvua ilinyesha lakini haikutosha kupimika, haandiki sifuri. Huandika alama maalumu, kwa kuwa siku ya manyunyu si sawa na siku ya ukame. Na siku ambayo kwa sababu yoyote haikusomwa, nafasi yake huachwa wazi. Hajazi kwa kukisia. Naiheshimu nafasi ile wazi kuliko tarakimu nyingi nilizowahi kuziona.

Joto la juu na la chini hujumlishwa na kugawanywa kwa mbili, ukapatikana wastani wa siku. Siku huzaa wastani wa mwezi, mvua za siku huzaa jumla ya mwezi. Karatasi hupitiwa na jicho la pili: je, kuna siku ambayo joto la chini limezidi la juu? Kituo jirani kilipata mvua kubwa, mbona hiki hakikupata tone? Kisha mahesabu haya huachwa yalale, kwa sababu mwaka mmoja hautoshi kusema lolote kuhusu tabianchi. Hali ya hewa ni ya leo na wiki hii. Tabianchi ni mazoea, na mazoea hayajulikani mpaka muda upite. Shirika la Hali ya Hewa Duniani linatumia miaka 30, na kipindi kinachotumika sasa ni 1991 hadi 2020. Miaka 30 ni zaidi ya siku 10,950. Mtu anaweza kuajiriwa kijana katika kituo na kustaafu akiwa na mvi kabla kipindi kimoja hakijajaa. Mwisho wa yote hayo kituo hutoa tarakimu 24 tu: wastani wa joto wa miezi 12 na wastani wa mvua wa miezi 12. Hizo 24 ndizo mchoraji wa ramani anazozihitaji.

Aliyetufundisha kuzisoma tarakimu hizo 24 alikuwa Wladimir Köppen. Alizaliwa St. Petersburg mwaka 1846, akakulia kwa sehemu katika rasi ya Crimea. Kati ya mji ule wa baridi na pwani ile ya joto kuna nyika nzima ya Urusi, na aliyeisafiri kwa njia za zamani, polepole, aliona misitu ya misonobari ikipungua, nyasi zikatawala, kisha ghafla nyuma ya milima ya kusini vichaka vya Bahari ya Kati. Köppen alisomea mimea kabla hajawa mtu wa hewa. Tasnifu yake ya mwaka 1870 ilihusu joto na ukuaji wa mimea. Kuanzia 1875 alifanya kazi katika taasisi ya uchunguzi wa bahari mjini Hamburg, mahali ambako manahodha wa Ujerumani walikuwa wakirudisha madaftari yao ya safari yaliyojaa pepo, joto na mvua za bahari zote.

Wengine walikuwa wametangulia. Alexander von Humboldt alikuwa amechora mwaka 1817 mistari inayounganisha mahali penye joto sawa, na kwa mistari hiyo ilionekana wazi kwamba joto halifuati latitudo peke yake. Alphonse de Candolle wa Geneva aliigawa mimea ya dunia mwaka 1874 katika makundi matano kwa kadiri inavyohitaji joto na maji. Köppen aliyachukua makundi hayo matano na kuuliza swali la fundi: mpaka kati ya kundi na kundi unapita penye tarakimu gani? Hakutaka kuukata kwa rula kwa sababu namba fulani ni nzuri. Alitaka kuupata pale ambapo mimea yenyewe ilikuwa imekwisha kuuweka.

Hapo ndipo ninapoona uzuri wa kazi yake. Chukua mstari wa nyuzi 10. Ukienda kaskazini katika Urusi, Skandinavia au Kanada, utafika mahali miti inapokoma. Köppen aliona kwamba mahali hapo hapafuati ukali wa majira ya baridi, kwa kuwa kuna misitu mikubwa Siberia inayostahimili baridi ya kutisha. Panafuata udhaifu wa kiangazi chao: mwezi wenye joto kuliko yote usipofikia wastani wa nyuzi 10, mti haupati muda wa kutosha kukua. Basi hapo akaweka mpaka wa kundi E, tabianchi za ncha. Mwezi huo ukiwa kati ya sifuri na 10, ni ET, nchi ya tundra, ya kuvumwani na vichaka vilivyotambaa. Ukiwa chini ya sifuri, ni EF, barafu ya kudumu.

Upande wa pili aliweka nyuzi 18. Mwezi wa baridi kuliko yote usiposhuka chini ya 18, mimea inayochukia baridi huishi bila hofu, na kundi ni A. Kati ya A na E kuna C na D. Katika yote mawili mwezi wenye joto zaidi huvuka 10. Hutofautiana kwa mwezi wa baridi, na mpaka wao Köppen aliuweka nyuzi 3 chini ya sifuri, karibu na mahali theluji inapoanza kulala ardhini kwa muda mrefu badala ya kuanguka na kuyeyuka. Baadaye wanajiografia wengi, hasa wa Marekani, waliusogeza hadi sifuri. Mjadala huo haujafungwa mpaka leo, na ramani mbili za kuaminika zinaweza kutofautiana juu ya mji uleule kwa sababu yake.

Kundi B ndilo lililomsumbua zaidi, na ndilo ninalolitazama kwa mshangao mkubwa. Ukame haupimwi kwa mvua peke yake. Dodoma hupata mvua karibu milimita 570 kwa mwaka. London hupata karibu 600. Anayetazama tarakimu hizi mbili tu angesema miji hii ni ndugu. Lakini wastani wa joto wa Dodoma ni karibu nyuzi 23 na wa London ni karibu 11, na maji yaleyale yanayobaki udongoni London hunyonywa na jua la Dodoma kabla mzizi haujayafikia. Kwa hiyo Köppen hakuweka kiwango kimoja cha mvua kwa dunia nzima. Aliweka kiwango kinachopanda na joto. Katika umbo linalotumika leo, unachukua wastani wa joto wa mwaka, unauzidisha kwa 20. Kisha unauliza mvua hunyesha lini. Ikiwa sehemu kubwa, asilimia 70 au zaidi, hunyesha katika nusu ya mwaka yenye joto, unaongeza 280, kwa sababu mvua ya wakati wa joto hupotea haraka. Ikiwa asilimia 70 hunyesha katika nusu ya baridi, huongezi kitu. Ikigawanyika, unaongeza 140. Jibu ni milimita ambazo mahali hapo panahitaji ili pasihesabiwe kuwa pakavu.

Tuifanye hesabu ya Dodoma kama inavyofanywa mezani. 23 mara 20 ni 460. Mvua ya Dodoma karibu yote hunyesha kati ya Novemba na Aprili, na kipande kikubwa kabisa kinaangukia kati ya Oktoba na Machi, nusu ya joto kwa nchi za kusini ya Ikweta; kwa hiyo ongeza 280, upate 740. Mji unapata 570. Haitoshi, basi ni B. Sasa gawanya 740 kwa mbili: 370. Mvua ya mwaka ikiwa chini ya nusu hiyo, ni jangwa, BW. Dodoma imevuka, basi ni BS, nyika kavu ya nusu jangwa. Wastani wa joto wa mwaka uko juu ya 18, kwa hiyo herufi ya tatu ni h, yaani yenye joto. BSh. Kwa London: 11 mara 20 ni 220, ongeza 140 kwa kuwa mvua imetapakaa mwaka mzima, 360. London inapata 600, imepita kwa mbali. Lodwar, kaskazini ya Kenya, wastani wake wa joto ni karibu nyuzi 29 na mvua haifiki milimita 250 kwa mwaka. Kiwango chake hata kwa hesabu ya katikati ni 720, nusu yake 360. Hiyo ni BWh, jangwa la joto, bila ubishi. Mfugaji wa Turkana hahitaji hesabu hii ili alijue hilo, na Köppen angekuwa wa kwanza kukubali: hesabu yake ilitungwa ili ikubaliane na mfugaji.

Hesabu hiyo haikutoka mara moja. Köppen aliirekebisha mara kadhaa katika maisha yake. Ramani yake ya kwanza ya kanda za joto ilitoka mwaka 1884, ikihesabu tu ni miezi mingapi joto linakaa juu au chini ya viwango fulani. Mwaka 1900 alitoa mfumo wa kwanza kamili, na humo tabianchi nyingi alizipa majina ya mimea: kulikuwa na tabianchi ya mizeituni, ya mialoni, ya mahindi, na savana yetu aliiita tabianchi ya mibuyu. Mwaka 1918 aliusuka upya, akaweka herufi tunazozijua. Mwaka 1936 alitoa toleo lake la mwisho ndani ya kitabu kikubwa cha tabianchi alichokihariri pamoja na Rudolf Geiger. Alikuwa akielekea miaka 90. Tangu ramani ya kwanza ilikuwa imepita miaka 52, na bado alikuwa akisogeza mipaka kila vituo vipya vilipoleta tarakimu zisizokubaliana na mstari wa zamani. Alifariki Graz, Austria, mwaka 1940.

Ndani ya kundi A kazi inaingia kwenye vipimo vya karibu zaidi. Mwezi mkavu kuliko yote ukipata milimita 60 au zaidi, ni Af, msitu wa mvua usiojua kiangazi. Ukipata pungufu, swali ni kama mvua ya miezi mingine ni kubwa kiasi cha kulihifadhi pori mpaka ukavu upite. Kipimo chake ni hiki: gawanya mvua ya mwaka kwa 25, toa jibu katika 100. Mwezi mkavu ukifikia kinachobaki, ni Am. Usipofikia, ni Aw. Dar es Salaam hupata karibu milimita 1,150 kwa mwaka: 1,150 kwa 25 ni 46, ukitoa katika 100 inabaki 54. Miezi ya Julai hadi Septemba mjini hapo hupata ishirini na kitu tu. Aw, savana. Mji wa Zanzibar, ng'ambo ya mkondo wa bahari, hupata karibu 1,600: 64, inabaki 36. Mwezi wake mkavu hupata arobaini na kitu. Am. Boti ya asubuhi hutoka tabianchi moja ikaingia nyingine kabla abiria hawajamaliza kahawa, na hakuna anayeona mstari majini. Lakini anayejua mikarafuu inastawi wapi na wapi haistawi ataona kwamba milimita ishirini za Agosti si jambo dogo.

Kuna herufi nyingine za kusimulia majira: s kwa kiangazi kikavu penye mvua za baridi, kama Roma na Cape Town, w kwa majira ya baridi makavu, f kwa penye mvua wakati wote. Na za mwisho a, b, c, d hupima nguvu na urefu wa joto, mpaka d ambayo ni ya mahali ambapo mwezi wa baridi hushuka chini ya nyuzi 38 chini ya sifuri.

Baada ya herufi huja ramani. Vituo ni nukta, na kati ya nukta na nukta kuna nchi ambayo hakuna aliyeipima. Mchoraji wa zamani alichukua penseli na kuupitisha mstari kati ya kituo cha BS na kituo cha Aw, lakini hakuupitisha katikati kwa uvivu. Aliangalia mlima uko wapi, mto unatoka wapi, pepo zinavuma kutoka upande gani. Alijua kwamba hewa hupoa kama nyuzi 6.5 kwa kila kilomita unayopanda, na kwamba hesabu hiyo nayo huhitaji busara. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa hesabu hiyo tupu ingepaswa kuwa na baridi zaidi kuliko ilivyo, lakini uwanda mpana ulioinuka hupashwa na jua kutoka chini kama nchi nyingine yoyote. Hata hivyo mwezi wake wa Julai uko chini ya 18, na hiyo yatosha kuitoa katika A na kuitia katika C. Kilimanjaro ndio mtihani mkubwa wa mchoraji. Moshi, chini ya mlima, ni mji wa tropiki. Kilele cha Kibo, mita 5,895, joto lake la wastani liko chini ya sifuri mwaka mzima. Kati yao kwa mstari mnyoofu ni kama kilomita 30. Rangi za dunia nzima, kutoka Ikweta hadi ncha, inabidi zipangwe ndani ya nafasi ambayo kwenye ramani ya ukutani haitoshi ncha ya penseli.

Rangi zikishakauka, ramani huanza kueleza sababu zake yenyewe. Jua hupiga wima karibu na Ikweta, hewa yenye joto hupanda, hupoa, huangusha mvua. Hewa hiyo iliyokwisha kukamuliwa hushuka tena karibu na latitudo ya 30 kaskazini na kusini, na ndiyo maana rangi ya jangwa imejipanga huko: Sahara, Arabia, Kalahari, katikati ya Australia. George Hadley, mwanasheria wa London, aliueleza mzunguko huu katika hatua zake za msingi mwaka 1735. Ukanda wa mvua hulifuata jua kwenda na kurudi, ukichelewa kidogo. Mahali panapopitiwa mara mbili pana vuli na masika; Dodoma na Songea, zilizo karibu na ukingo wa safari hiyo, zina msimu mmoja tu.

Bahari nazo zimeacha alama. Walvis Bay ya Namibia na Inhambane ya Msumbiji ziko karibu latitudo moja, moja magharibi ya bara na nyingine mashariki. Inhambane ina minazi na mvua nyingi. Walvis Bay mvua ya mwaka mzima haijazi kioo cha mpimaji, kwa kuwa mkondo wa baridi wa Benguela huipoza hewa kutoka chini, nayo hewa nzito ya baridi haipandi. Huleta ukungu, haileti mvua. Ndani ya bara kubwa, mbali na bahari, joto na baridi huachana kabisa. Verkhoyansk iliwahi kupimwa nyuzi 67.8 chini ya sifuri mwaka 1892, na Juni 2020 ikapimwa 38 juu ya sifuri. Kundi D linataka bara pana la namna hiyo katika latitudo za juu, na nusu ya kusini ya dunia haina. Huko sehemu kubwa ni maji, ndiyo maana rangi ya D haionekani kusini isipokuwa kwa vipande vya milimani.

Na Afrika Mashariki ni fumbo kwenye ramani. Iko Ikweta, na kwa latitudo yake ilipaswa kuwa na misitu kama Kongo au Borneo. Badala yake ina savana na nyika kavu zikishuka hadi karibu na pwani. Sababu ziko katika pepo tunazozijua kwa majina. Kaskazi hutoka upande wa Arabia na Somalia, kwenye hewa kavu. Kusi hutoka baharini na unyevu mwingi, lakini ukifika kwetu huenda sambamba na pwani, kisha hupinda kuelekea India na kuushusha mzigo wake huko. Milima na nyanda za juu huzuia unyevu wa Kongo usivuke kwa wingi. Kati ya nyanda za Ethiopia na zile za Kenya kuna njia ambamo upepo hubanwa na kukimbia, na Lodwar iko njiani humo. Mahali pachache panapata bahati nyingine: Bukoba, ufukweni magharibi ya Ziwa Victoria, hupokea unyevu ambao ziwa lenyewe limeutoa, na mvua yake ya mwaka iko karibu milimita 2,000.

Köppen alilijua jambo hili la sababu, na alilipa mchoro wake. Alichora bara la kubuni, lisilo na milima, pana upande wa kaskazini na jembamba kusini, kadiri ardhi ya dunia inavyopungua kutoka latitudo hadi latitudo, kisha akazipanga herufi zake juu yake. Jangwa likajitokeza upande wa magharibi, misitu ya mvua mashariki, D ikatanda kaskazini na kukosekana kusini. Aliyeuona mchoro ule anaweza kutazama bara la kweli na kuuliza kwa nini hapa rangi imetoka mahali pake, na mara nyingi jibu ni mlima au mkondo wa bahari unaoweza kutajwa kwa jina.

Geiger aliendelea na kazi baada ya Köppen, na ramani yake ya ukutani ya mwaka 1961 ilidumu madarasani kwa miongo. Mwaka 2007 Murray Peel, Brian Finlayson na Thomas McMahon wa Melbourne waliichora upya wakitumia vituo zaidi ya 4,000. Walipopima maeneo, kundi B lilitoka la kwanza, likiwa na asilimia 30 ya ardhi yote ya dunia. Mwaka 2018 Hylke Beck na wenzake walitoa ramani ambayo kila kipande chake ni kilomita moja, na Kilimanjaro hatimaye ikapata nafasi ya kupangwa ngazi kwa ngazi. Kando yake waliweka ramani ya pili, ya miaka 2071 hadi 2100, iliyotokana na makadirio ya ongezeko la joto. Wametumia mipaka ileile, 10, 18, na hesabu ya ukame inayopanda na joto. Katika hesabu hiyo kila nyuzi moja inayoongezeka huongeza milimita 20 kwenye deni la maji la mji. Dodoma ikipanda nyuzi mbili, mvua isipobadilika, kiwango chake kitatoka 740 hadi 780, na nusu yake kutoka 370 hadi 390, huku mvua ikibaki 570.